Nembo kifuani: mchezaji wa poka hulipwa nini na wadhamini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Huu ni mwaka wa nne nacheza mashindano ya poka. Nimefika meza ya mwisho mara kadhaa, na hivi karibuni tovuti moja imenitumia ofa niwe balozi wake. Watanilipia viingilio na safari, watanipa posho kila mwezi, na asilimia kwa kila mchezaji nitakayemleta. Wao wanasema ofa nzima ina thamani ya dola 60,000 kwa mwaka. Kwenye matangazo ya mashindano makubwa naona wachezaji wamebandikwa nembo kifuani na mikononi. Hao hulipwa kiasi gani hasa? Na je, hii yangu inatosha niache kazi?"

Ndugu yangu, nianze na swali la mwisho: usiache kazi, angalau si kwa karata hii. Nimeusoma mkataba uliouambatanisha mara mbili, na nitaurudia huko chini kifungu kwa kifungu. Ila kwanza nikujibu hilo la nembo, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Wengi wanaoishi kwa poka hawapati hata senti ya udhamini. Wanakula wanachoshinda. Wachache hulipiwa viingilio, nauli na hoteli, jambo ambalo si haba, lakini huwezi kulipa kodi ya nyumba kwa tiketi ya mashindano. Wachache zaidi hulipwa pesa taslimu za kumwezesha mtu kuishi. Na juu kabisa wapo waliotajirika kweli, ila ukichunguza utakuta karibu wote hawakutajirika kwa kubandikwa nembo. Walitajirika kwa sababu walikuwa na sehemu ya kampuni.

Mikataba yenyewe huwa siri. Karibu kila mmoja una kifungu cha kufunga mdomo, na wa kwako unacho, ukurasa wa nne. Hadharani husomwa pale tu watu wanapokosana na kufikishana mahakamani. Kwa bahati yetu, si yao, wamekosana vya kutosha.

Chukua kisa cha Jamie Gold. Mwaka 2006 alishinda shindano kuu la World Series of Poker huko Las Vegas, washiriki 8,773, kiingilio dola 10,000 kwa kila mmoja, zawadi ya kwanza dola milioni 12. Kiingilio chake hakukilipa yeye, kililipwa na kampuni ya kamari mtandaoni ya Bodog. Kwa nini kampuni imlipie mtu ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa katika poka? Kwa sababu alikuwa mtu wa televisheni, na sharti lilikuwa alete watu mashuhuri wavae nguo za Bodog kwenye shindano. Gold naye akamwomba mtu mwingine, Crispin Leyser, amsaidie kuwapata hao mashuhuri, kwa ahadi ya kugawana nusu kwa nusu atakachoshinda. Ahadi ya mdomo. Gold alipokaa kwenye mlima wa noti, Leyser akaenda mahakamani kudai milioni zake 6, na ushahidi wake mkubwa ukawa ujumbe wa sauti ambao Gold mwenyewe alikuwa amemwachia kwenye simu. Mahakama ikazuia nusu ya fedha hizo, na mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha tamaa. Mimi nakisoma kama hati ya bei. Tiketi ya dola 10,000 haikununua ustadi wa Gold katika karata. Ilinunua sura za watu wengine waliokuwa kwenye kitabu chake cha simu. Ukilielewa hilo, biashara yote ya udhamini wa poka inafunguka: mdhamini halipii unavyocheza, analipia watu watakaofungua akaunti kwa sababu yako.

Ndiyo maana mchezaji wa thamani kuliko wote katika historia ya udhamini huu hakuwa bingwa mzoefu. Alikuwa mhasibu wa Tennessee aliyeitwa Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake la kuzaliwa, hakulibuni. Mwaka 2003 aliingia kwenye shindano la mchujo katika tovuti ya poka ya PokerStars kwa dola 86, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas, akawashinda wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki wakawa 2,576. Mwaka 2005 wakawa 5,619. Kila mhasibu duniani alijiona yeye. PokerStars walikaa na Moneymaker kama balozi wao hadi mwisho wa 2020, miaka ambayo ndani yake walikuwepo mamia ya wachezaji wazuri kuliko yeye wasiopata hata kofia ya bure. Simdharau, mtu aliyemtishia mpinzani wake wa mwisho, Sammy Farha, kwa chipu zote (vile vidonge vya kuwekea dau) akiwa na karata zisizo na kitu na kumfanya atupe karata zake si wa kudharauliwa. Nasema tu kwamba alilipwa kwa hadithi yake.

Kinyume chake kipo pia. Mwishoni mwa 2009 alitokea mchezaji wa mtandaoni asiyejulikana, jina la akaunti Isildur1, akawa anacheza na vigogo kama Phil Ivey, Patrik Antonius na Tom Dwan kwa dau kubwa mno. Maelfu ya watu walikuwa wakifungua programu usiku kumtazama tu. Desemba mwaka huo alipoteza zaidi ya dola milioni 4 kwa siku moja mbele ya Brian Hastings. Kwa mizani ya matokeo alikuwa ameumia vibaya. Basi kilichofuata? PokerStars wakamsajili, na Januari 2011 wakamtambulisha huko Bahamas kwa jina lake, Viktor Blom, kijana wa Sweden. Walimsajili mtu aliyepoteza mamilioni, kwa kuwa alipokaa mezani watu walikuja kutazama.

Sasa turudi kwenye hizo nembo unazoziona. Zina historia yake. Katika miaka ya neema, kati ya 2003 na 2011, meza ya mwisho ya shindano kuu ilikuwa soko la kweli. Mawakala walizunguka ukumbini siku ambayo wachezaji wanabaki wachache, mikononi wana fulana na vibandiko, wakimnong'oneza mtu ambaye wiki iliyopita hakuna aliyemjua. Kuanzia 2008 hadi 2016 waandaaji walisogeza meza hiyo ya mwisho mbele kwa miezi kadhaa, wachezaji 9 waliobaki wakarudi makwao na kusubiri. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa kuwapa muda wa kutafuta wadhamini. Fikiria: umebakiza hatua moja, una miezi karibu minne ya kuuza kifua chako kabla ya televisheni kuja.

Malipo ya namna hiyo yalikuwa ya mkupuo, si mshahara. Yalitegemea mambo matatu ambayo mtu hayaoni akiwa kwenye kochi: una chipu ngapi, maana mwenye nyingi ataonekana muda mrefu, kamera itakukaa kiasi gani, na shindano lina kanuni gani kuhusu ukubwa wa nembo. Televisheni za Marekani hazikukubali nembo za tovuti za kamari ya fedha, kwa hiyo kampuni zilianzisha tovuti pacha za kucheza bure zenye jina linaloishia na .net, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikishonwa kwenye shati. Kila mtu alijua maana yake. Hata mimi niliyekuwa nikitazama kwa jicho la mikataba nilikuwa nacheka.

Ukiona mchezaji leo ana nembo nne, usizidishe kwa nne. Mara nyingi moja ndiyo ya mdhamini wa kweli. Nyingine ni ya shule ya poka anayofundisha yeye mwenyewe, nyingine ya programu ya kujifunzia aliyopewa bure, nyingine ya rafiki aliyemnunulia sehemu ya kiingilio. Hili la mwisho watu hulichanganya sana na udhamini. Mtu anayekuchangia mtaji si mdhamini, ni mwekezaji. Anatoa kiingilio, mnagawana ushindi, na katika mipango mingi hasara inaandikwa kama deni ambalo lazima lilipwe na ushindi unaofuata kabla wewe hujaona kitu. Mdhamini akikulipia kiingilio ukapoteza, mmeachana salama. Mwekezaji akikulipia ukapoteza, deni bado linakungoja kesho.

Nilitaja waliotajirika, sasa nieleze walitajirika vipi. Ijumaa ya Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa Marekani walizifungulia mashtaka kampuni kubwa za poka mtandaoni zilizokuwa bado zinahudumia Wamarekani: PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Wachezaji waliita siku hiyo Ijumaa Nyeusi. Septemba mwaka huo mashtaka dhidi ya Full Tilt yakaongezwa, na humo ndimo pazia lilipofunuliwa. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, kuanzia Aprili 2007 kampuni ilikuwa imewagawia wamiliki na wakurugenzi wake takriban dola milioni 440. Miongoni mwa wamiliki walikuwemo wachezaji ambao wewe na mimi tuliwaona kwenye matangazo kama nyuso za kampuni. Howard Lederer peke yake alitajwa kupokea kiasi cha dola milioni 42. Chris Ferguson, bingwa wa mwaka 2000, alitajwa kupokea angalau milioni 25.

Hakuna nembo ya shati inayolipa hivyo. Hizo zilikuwa gawio za hisa. Chini yao kulikuwa na wachezaji wa kawaida wa kampuni, ambao majina yao yaliandikwa kwa rangi nyekundu mezani, na faida yao kubwa ilikuwa kurudishiwa makato. Kila mkono wa poka mtandaoni, yaani kila mara karata zinapogawiwa, nyumba, yaani tovuti, hukata kidogo. Mteja wa kawaida wa Full Tilt aliweza kurudishiwa asilimia 27 ya makato hayo, na mchezaji wa kampuni alirudishiwa zaidi. Kwa anayecheza meza kumi kwa pamoja, saa nane kwa siku, huo ni udhamini wa kimya kimya na wengi waliishi kwa huo bila kuvaa nembo yoyote.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni mchungu. Kwa mujibu wa mashtaka, kampuni ilikuwa inadaiwa na wachezaji duniani kote kiasi cha dola milioni 390, na benki ilikuwa na takriban milioni 60. Wateja walioweka fedha zao kwa sababu ya sura walizoziamini walisubiri miaka. Mwaka 2012 PokerStars walikubaliana na serikali ya Marekani kulipa dola milioni 731, wakaichukua Full Tilt, na fedha za watu zikaanza kurudi polepole. Wachezaji waliokuwa nyuso za kampuni, hata wale wasiokuwa na hisa wala habari ya vitabu vya hesabu, waliulizwa kwa miaka kila walipokaa mezani: pesa yangu iko wapi? Hilo nalo ni sehemu ya bei ya nembo, na hakuna anayeliandika kwenye mkataba.

Baada ya 2011 soko halikurudi lilivyokuwa. Kampuni zilipunguza orodha za mabalozi mwaka baada ya mwaka, na mabingwa waliokuwa na mikataba kwa sababu tu ya ubingwa wakaachwa mmoja mmoja. Wakati huohuo fedha zikaenda kwa watu wasiocheza poka kabisa: PokerStars walimsajili Rafael Nadal mwaka 2012, na mwaka 2015 wakawachukua Cristiano Ronaldo na Neymar. Nadal alikuwa bado anajifunza mchezo. Wachezaji wa kulipwa walinuna, na nawaelewa, lakini ukikumbuka nilichosema kuhusu tiketi ya Gold huwezi kushangaa. Mcheza tenisi mmoja anatazamwa na watu wengi kuliko poka yote kwa pamoja.

Aliyebaki na thamani miongoni mwa wacheza karata ni yule anayejulikana na mtu asiyecheza karata. Daniel Negreanu ndiye mfano wa wazi. Aliingia PokerStars 2007, akatoka Mei 2019, na kabla mwaka haujaisha alikuwa balozi wa GGPoker, tovuti pinzani. Anaongea mezani, anatoa video, anajibizana na watu. Na amefanya jambo ambalo wenzake hukwepa: huchapisha hesabu zake za mwaka. Mwaka 2017 alikusanya kwenye mashindano zawadi za karibu dola milioni 2.8. Ukisoma hivyo tu utadhani ni mwaka wa neema. Viingilio alivyolipa vilizidi kiasi hicho, na akafunga mwaka ana hasara mezani. Orodha za mtandaoni za "mapato ya wachezaji" hazitoi viingilio, zinajumlisha zawadi tu, ndiyo maana mtu mwenye mamilioni kwenye orodha anaweza kuwa anadaiwa na marafiki zake. Kwa mchezaji wa viwango hivyo, mkataba wa udhamini ndio unaotenganisha mwaka mbaya na kufilisika.

Kizazi kipya kimepita njia nyingine. Karibu 2015 Jason Somerville alianza kuonyesha kuwa mtu anaweza kurusha mchezo wake mubashara mtandaoni, akazungumza saa nzima na watazamaji, na kampuni ikamlipa kwa hilo. Lex Veldhuis akafuata na kujenga hadhira kubwa kuliko mabingwa wengi. Andrew Neeme na Brad Owen walirekodi maisha yao ya kawaida kwenye meza za fedha za kasino, wakapata hadhira, na mwaka 2022 wao na mchezaji mwenzao Doug Polk wakanunua sehemu ya klabu ya poka ya The Lodge huko Texas. Angalia walipoishia: kwenye hisa tena, kama wale wa Full Tilt.

Basi tuje kwenye karatasi yako.

"Thamani ya dola 60,000" imegawanywa hivi: viingilio 40,000, safari na malazi 12,000, posho 8,000. Pesa unayoweza kununua nayo mkate ni hiyo 8,000 tu, kama dola 667 kwa mwezi. Kwa upande wako unatakiwa ucheze kwenye tovuti yao saa 14 kwa wiki na urushe mubashara mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara. Jumla saa 20. Ukichukua wiki 50, ni saa 1,000 kwa mwaka. Posho yako ni dola 8 kwa saa, kabla ya kodi, kamera, taa na mtu wa kukuhariria video.

Utaniambia viingilio navyo ni fedha. Ni fedha, lakini tazama kifungu cha sita. Hazitumwi kwako, zinawekwa kwenye akaunti kama tiketi za mashindano yao wenyewe, na tiketi isiyotumika ndani ya siku 90 inakufa. Mashindano yao mengi yana zawadi ya uhakika, yaani jumla iliyoahidiwa hata washiriki wakiwa wachache. Siku ambayo washiriki hawakutosha kufikia zawadi hiyo, kampuni ingelazimika kujazia kutoka mfukoni, kwa hiyo kiti walichokupa wewe hakikuwagharimu chochote cha ziada. Wanakupa viti vilivyokuwa vitabaki wazi na kuviandika kwa bei kamili. Sisemi ni wizi, ndivyo biashara inavyokwenda, ila usikubali kiti kihesabiwe kama noti.

Tufanye hesabu hata hivyo. Dola 40,000 ni mashindano 40 ya dola 1,000. Kwa kawaida shindano hulipa kama asilimia 15 ya washiriki, basi mchezaji wa wastani ataingia kwenye zawadi mara 6. Mara tano kati ya hizo zikiwa zawadi za chini, kama mara mbili ya kiingilio, umepata dola 10,000. Kifungu cha saba kinasema ukilipwa, kiingilio kinarudi kwa kampuni kwanza. Zinabaki 5,000. Ile mara ya sita ndiyo itakayoamua mwaka wako wote, na inaweza isije mwaka huu, ikaja mwaka ujao mkataba ukiwa umekwisha. Wewe ni mchezaji zaidi ya wastani, nakubali. Zidisha kidogo. Bado ni kamari, na mshahara wako wa sasa si kamari.

Kuhusu asilimia ya unaowaleta: wamekupa 30 ya makato. Mchezaji mdogo anayekatwa dola 20 kwa mwezi atakupa dola 6. Ili upate dola 2,000 kwa mwezi unahitaji watu 334 wanaocheza kila mwezi bila kuacha, na wachezaji wapya wengi huacha baada ya wiki chache fedha zao za kwanza zikiisha. Kisha kuna mstari mdogo chini ya jedwali unaosema asilimia hiyo inahusu pia michezo ya kasino kwenye tovuti hiyo hiyo, ambapo unalipwa kutokana na hasara halisi ya mteja, na mteja akishinda, tofauti inaandikwa kama deni kwenye akaunti yako na kuhamia mwezi ujao. Kwenye poka nyumba inakata makato yake hata nani ashinde, na wewe huna haja ya mtu yeyote aumie. Kwenye kasino kipato chako ni kuumia kwa watu waliokuja kwa sababu yako. Mimi ningeliondoa kasino kabisa kwenye mkataba hata kama ni fedha zaidi. Wewe utaamua.

Kifungu cha kumi na moja ndicho kibaya kuliko vyote. Wanaweza kukuacha wakati wowote kwa notisi ya siku 30, na kubadilisha viwango "kwa kadiri biashara itakavyohitaji", lakini wewe huruhusiwi kuvaa nembo ya mtu mwingine kwa miezi 12 baada ya kuachwa. Na usidhani kampuni kubwa hazifanyi hivi. Mwishoni mwa 2015 PokerStars walitangaza kupunguza zawadi za wachezaji wao wa daraja la juu kabisa kwa mwaka uliofuata, zawadi ambazo watu walikuwa wamezihangaikia mwaka mzima wakiamini wameshazipata. Wengine waligoma kucheza. Masharti hayakurudi.

Kodi usiisahau, ingawa hapo nitapita haraka kwa sababu kila nchi ina yake. Kanuni ya jumla ni kwamba ushindi na udhamini ni mapato ya aina mbili. Uingereza, kwa mfano, haitozi kodi ushindi wa mchezaji, lakini ada ya udhamini ni mapato ya biashara na inatozwa. Marekani inamkata mgeni anayetoka nchi isiyo na mkataba nayo wa kodi asilimia 30 ya zawadi kabla hajaondoka dirishani. Waulize wanaokudhamini nani anabeba makato hayo, maana mkataba wako uko kimya. Waulize pia kama wana leseni katika nchi ambako video zako zitatazamwa. Anayetangaza kamari isiyo na leseni anaweza kuandamwa yeye, si kampuni iliyoko kisiwani.

Ningejibu ofa hii kwa barua fupi. Posho ipande hadi 18,000, viingilio vishuke hadi 30,000, na angalau nusu yake vilipwe kwa fedha unazoweza kutumia kwenye shindano lolote. Hawatapoteza kitu kikubwa hapo, nimekuonyesha viti vinawagharimu nini. Kurudisha kiingilio kwanza kuondolewe. Notisi iwe miezi 3 kwa pande zote mbili, na zuio la nembo baada ya kuachana lisizidi hizo siku za notisi walizokulipa. Saa za kucheza zihesabiwe kwa mwezi badala ya wiki, ili usikose posho kwa sababu uliumwa Jumatano. Na ombi moja ambalo huenda wakakataa lakini halikugharimu kuuliza: kama hadhira yako itafika idadi fulani mtakayokubaliana, upewe haki ya kununua hisa kwa bei ya leo.

Wakikubali posho na notisi, saini, na uendelee na kazi yako huku ukirusha mubashara jioni. Wakikataa yote, waombe tiketi za mashindano machache makubwa bila sharti la saa wala la nembo, uwatajie kwenye video mbili, na muonane tena baada ya mwaka ukiwa na watazamaji wa kuwaonyesha. Kabla ya kutuma barua hiyo, nenda kwenye tovuti yao kama mteja wa kawaida, weka dola 50, kisha omba kuzitoa. Hesabu siku.